Jaji Alivyolisoma Neno "Kuzungumza"

Nyumba ya Kona, Nyuma ya Gereji,
S.L.P. 318.
14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je, umepata nafuu? Baba watoto anaendeleaje na kazi? Sisi huku tu wazima. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyetangulia, na wakicheka nyumba nzima ni mapengo matupu.

Sasa tafuta pa kukaa, wifi. Mdogo wako, huyu mume wangu, amepata uraia. Cheti kipo kabatini, nimekifunga kwenye kitambaa, na leo peke yake nimekifungua mara tatu.

Najua mara ya mwisho nilikwambia tumekataliwa, kisha nikanyamaza. Unisamehe. Sikuwa na la kuandika ila machozi, na hayo hayatiwi kwenye bahasha.

Ilikuwa hivi. Alipeleka maombi na vyeti vyote, na mtihani wa kuandika akapata arobaini na sita kwa hamsini. Shida ilianzia chumba cha mahojiano. Afisa alimwuliza jina, mdogo wako akaonyesha masikio yake kwamba hasikii, akachukua kalamu ajibu kwa maandishi. Afisa akamzuia. Baada ya mwezi ikaja barua: sheria inataka mwombaji awe anaweza "kuzungumza lugha ya nchi", hii hii mnayoitumia na huko kwenu, na huyu ni kiziwi asiyetoa neno, kwa hiyo hafai. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kimebakiza miezi mitano, na walituambia hakitaongezwa tena.

Unamjua alivyo. Aliikunja barua akaitia kwenye sanduku la spana, akarudi kwenye gari la mteja, kiganja juu ya injini, akitafuta ugonjwa wake kwa mtetemo. Ndiyo maana mtaa mzima humwita Kiganja. Lakini siku tatu hakugusa chakula, na niliwaona mapacha wakimtazama usoni bila kuuliza.

Mwenye lile gari alikuwa wakili, mama wa makamo. Aliiona barua wakati Kiganja anatoa spana, akaomba kuisoma. Aliisoma amesimama, halafu akakaa juu ya tairi akaisoma tena. Akanieleza kwamba neno "kuzungumza" lina maana mbili, kutoa sauti na kuelewana na mtu, na sheria haikusema inataka ipi. Kazi ya kuamua hilo ni ya jaji, si ya afisa. Tukaenda mahakamani.

Wifi, nilidhani mahakamani watu hugombana. Kumbe asubuhi nzima walikaa wakipima neno moja. Wakili wa serikali alikuja na kamusi, akasoma kwamba kuzungumza ni kusema kwa mdomo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kazini. Wakili wetu akafungua sheria ileile, mbele kidogo, mahali palipoandikwa kwamba mwombaji anayeishi mbali anaweza "kuzungumza na ofisi kwa barua". Akauliza, kama sheria yenyewe inakubali mtu azungumze kwa barua, kwa nini imdai huyu koo? Mwalimu wa shule ya viziwi alikuwa mbele ya Kiganja akimfasiria yote kwa ishara.

Jaji ni mama mwenye sauti ndogo. Alichukua karatasi akaandika kwa mkono wake, karani akampelekea mdogo wako. Kiganja akasoma, akaandika jibu, akalirudisha. Jaji akaamuru yasomwe yote mawili. Yeye alikuwa ameuliza, "Lugha hii ulifundishwa na nani?"

Jibu, wifi, nalinukuu kama lilivyo: "Dada yangu. Akitoka shule alinipa kitu mkononi, kisha akaandika jina la kitu hicho kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Tulianza na kijiko."

Jaji akamgeukia wakili wa serikali. "Mimi na huyu bwana tumefanya nini sasa hivi?"

Wakili huyo aliitazama kamusi yake, akaifunga polepole. "Mmezungumza, Mheshimiwa."

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimemshika Kiganja mkono mpaka mwalimu akaniashiria nimwachie, maana nilikuwa nimemfunga mdomo mwenzangu. Jaji alisema neno likiwa na maana mbili halisomwi peke yake, husomwa pamoja na sheria nzima na sababu iliyofanya itungwe. Sheria ilitaka raia wanaoelewana na wenzao. Haikusema popote kwamba inawakataa viziwi, na mahakama haiwezi kuwafungia mlango ambao watunga sheria hawakuufunga. Ofisi ikaamriwa kumpokea.

Siku ya kiapo tulicheka. Sharti ni kuinua mkono wa kulia unapoapa, naye bila mkono huo hana sauti. Afisa akafikiri, akasema ainue kwanza, ashushe, ndipo aape. Basi akaapa kwa mikono yote miwili, na wenzake ukumbini wakapunga mikono hewani kama mwalimu alivyowaonyesha, ndiyo makofi ya viziwi.

Wifi, watu wananipongeza mimi, na wakili tunamshukuru kila gari lake linapougua. Lakini nimeisoma hukumu. Ukurasa wa tisa jaji ameandika: "Mwombaji alifundishwa kuzungumza na dada yake." Hawakuweka jina lako, ila ni wewe. Ulikuwa mtoto mwenye chaki, na hukujua unamtengenezea mume wangu nchi. Mimi nilimkuta tayari anaongea. Ahsante. Ahsante sana.

Miaka kumi na moja hakuthubutu kuvuka mpaka, akihofia hataruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Sasa ameomba pasipoti. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, anakuja kwako, na mapacha wamekwisha kugombania dirisha la basi.

Nisalimie baba watoto, mama mkubwa, na binamu wa dukani asiyekosa utani. Mungu akulinde, akupe umri wa kutosha kuwafundisha na wajukuu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa dhati,
Mama Mapacha