Hailaksi ya Matarumbeta

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
3 Februari 2025

Mdogo wangu Latifu,

Assalaam alaykum. U hali gani huko machimboni Omani? Kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi la mawe? Sie huku wazima. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua asubuhi. Anasema ule vizuri, na uache kulala na feni usoni. Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia hupatikani. Ujumbe huu utausoma siku mkishuka mjini kwenye mtandao.

Latifu, nimeaibika mwenzio. Nilikwambia tumebadilisha injini ya Hailaksi ya marehemu baba. Ile ya kabureta ilishachoka, moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Tukapata nyingine pale Gerezani, hizi za kisasa za nozeli. Fundi Benjamini akaifunga, akaweka na pampu ya mafuta ya umeme huko kwenye tangi. Nikaizungusha mpaka Kivukoni na kurudi, inanguruma vizuri, roho yangu kwatu.

Jumamosi tukapata harusi ya kwanza. Mzee Mwinyimvua na bendi yake nzima wako nyuma kwenye bodi: tarumbeta, ngoma, Goodluck na kinanda chake, na lile spika lao kubwa. Mie kwenye usukani, kilemba kimekaa. Nyuma yetu bi harusi na msafara. Tumefika Mnazi Mmoja, gari ikakohoa, ikazima. Katikati ya barabara! Honi zilizopigwa pale sijapata kuzisikia. Bendi ikashuka, ikaenda kwa miguu na tarumbeta na ngoma, kinanda kikabaki. Mie nikajaribu funguo, gari ikawaka kama haijafanya kitu! Nikawafuata polepole kama mchunga mbuzi.

Baba Mkubwa Mbaruku alikuwepo. Unajua hakutaka injini ibadilishwe tangu mwanzo. Kasema, "Mmemtoa mdogo wangu moyo, sasa mnataka aimbe?" Watu wakaitikia, eti gari ya marehemu haitaki harusi. Wewe ndiye fundi wa familia, na unajua gari hii ndiyo inayotulisha mimi na wanangu tangu niachike. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Kijakazi


Nizwa, Omani
7 Februari 2025

Dada Kijakazi,

Shikamoo. Kifua kimepona, alhamdulillah. Mwambie mama nakula, na feni yenyewe imekufa. Pole sana na yaliyokukuta. Hapo kwenye mchunga mbuzi nimecheka, unisamehe.

Sasa sikia. Injini ya zamani ilikuwa inajivutia mafuta yenyewe, na kabureta haidai makubwa. Hii ya nozeli inataka mafuta yasukumwe kwa nguvu muda wote. Nguvu ikipungua kidogo tu, inazima. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye mafuta, Baba Mkubwa asikutie wasiwasi. Lile tangi ni la siku nyingi, lishushwe lioshwe, na chujio libadilishwe. Halafu hiyo pampu, dada, naona kama umeuziwa feki. Nasreen wa mtaa wa pili hapo kwetu, anayefanya kazi huku, anakuja likizo huko, nimempa pampu halisi akuletee mkononi. Wakati wa kuifunga usimame hapo hapo.

Na acha ile tabia yako ya kuweka mafuta ya kufika kona tu. Pampu inapozwa na mafuta yenyewe. Tangi likiwa tupu inaungua.

Mdogo wako,
Abdulatif


Mtaa wa Sikukuu
24 Februari 2025

Latifu,

Salaam nyingi. Mama hajambo, miguu ile ile. Wewe je? Nasreen kafika salama na pampu tumeipata, kanenepa mtoto wa watu. Tangi limeoshwa, kutu iliyotoka ungeweza kupaka nyumba rangi. Chujio jipya. Mafuta nimejaza mpaka shingoni. Nikasimama pale Benjamini anafunga mpaka akaniuliza kama namdai.

Jana tukawa na harusi ya Upanga, ya mwisho kabla ya Ramadhani. Latifu, imezima tena. Mama wa bi harusi akashuka garini analia, eti nimemtilia mwanawe nuksi. Bendi ikashuka, ikaenda kwa miguu, na mie nikawasha gari, ikawaka! Nilitamani niichome moto.

Usiku ule ule Baba Mkubwa akaita kikao. Keshapata mnunuzi, mtu wa skrepa, ataipima kwa kilo. Nikalia mbele ya watu, na unanijua mie silii hovyo. Akanyanyuka Maimuna, bintiye mwenyewe, yule anayeolewa mfungo mosi, baada ya Idd. Akasema, "Baba mdogo aliniahidi tangu mtoto kwamba gari yake ndiyo itakayonitoa nyumbani. Ikiuzwa kabla, mie sitoki." Baba Mkubwa akatafuna maneno weee, mwisho akasema haya, Hailaksi itaongoza harusi ya Maimuna. Lakini ikizima hata mara moja, inatoka pale inakwenda skrepa. Na yule mnunuzi kamwalika harusini, akae tayari!

Fikiria, Latifu. Mtu anakuja kula pilau huku ananivizia.

Dada yako,
Kijakazi


Nizwa
28 Februari 2025

Dada,

Shikamoo, na Ramadhani njema inayoingia. Huyo Maimuna nampa heshima zake. Na mimi nimekuelekeza kwa uhakika kumbe nabahatisha. Pampu na tangi havikuwa na kosa, tuviache.

Nimekaa nafikiri. Ukienda Kivukoni peke yako haizimi. Ukienda harusini inazima. Basi harusi ina kitu ambacho safari ya kawaida haina. Kuna uzito wa watu, kuna ule mwendo wa kinyonga juani, na kuna bendi yenyewe. Jaribu kimoja kimoja, usichanganye, maana ukichanganya hutajua mkosaji nani. Bendi sasa itatundika tarumbeta mpaka Idd, basi anza na uzito na huo mwendo.

Kuwa na subira na usigombane na Benjamini. Nakujua.

Mdogo wako,
Abdulatif


Mtaa wa Sikukuu
16 Machi 2025

Latifu wangu,

Swaumu inasemaje? Huku joto la kuangulia mayai, lakini tunakwenda. Mama anafunga, tumemkataza hasikii.

Nimefanya ulichosema. Nimewapakia wanawake wote wa uani kwetu kwenye Hailaksi! Bendi wanaume wembamba, sie tukipanda springi zinasalimu amri, kwa hiyo uzito ulizidi. Scholastika yule jirani yetu wa Songea kaja na kiti chake cha plastiki, kakaa katikati kama malkia. Tukaingia Msimbazi alasiri, ule wakati kila mtu anakimbilia futari na magari hayasogei. Jua linachoma, watu wamefunga, midomo mikavu. Wamachinga wanatuuliza tunagombea chama gani. Tumetambaa mpaka kwenye adhana, na gari haikukohoa hata kidogo. Nikawapikia wote futari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, maana walinisema mno.

Wakati wa kushuka Scholastika kasema, "Basi gari yako nzima, Kija. Tatizo ni wale wanaume na makelele yao." Wote tukacheka. Halafu mie nikaacha kucheka.

Dada yako,
Kijakazi


Nizwa
21 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Swaumu nzuri, alhamdulillah. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti, wenzangu wamecheka mpaka mpishi kaja kuuliza kuna nini. Lakini neno la Scholastika nami limenikaa kichwani. Siku bendi ikirudi, waweke garini, washa injini, halafu wapige chombo kimoja kimoja. Wewe tega sikio kwenye tangi. Pampu ikiwa nzima inavuma sawasawa, haipandi wala haishuki. Ikibadili sauti, umemkamata mwizi.

Kuna jambo lingine. Tunahamishiwa machimbo ya ndani zaidi, mtandao huko hakuna kabisa. Sitapata ujumbe wako mpaka harusi ya Maimuna iwe imepita. Inaniuma kweli. Utakuwa peke yako katika hili, dada, lakini si mie wa kukufundisha kusikiliza gari. Wewe ulikuwa unakaa na baba mbele, sie tunatupwa nyuma.

Mungu akusimamie.

Mdogo wako,
Abdulatif


Mtaa wa Sikukuu
13 Aprili 2025

Latifu, Latifu, Latifu!

Assalaam alaykum, Idd mubarak ya kuchelewa, mama mzima, miguu inauma kwa sababu jana kacheza. Ngoja nikueleze kwa mpangilio nisije nikapayuka.

Idd pili nikawaita bendi kwenye uwanja nyuma ya gereji. Mzee Mwinyimvua alikuja huku ananung'unika, kakunja uso kama aliyekuja kunisaidia msiba. Nikawasha injini, nikajifunga khanga, nikaingia chini ya gari na sikio langu kwenye tangi. Nikapaza sauti: "Tarumbeta!" Wakapiga, pampu inavuma. "Ngoma!" Wakapiga, pampu inavuma. "Kinanda!" Goodluck akawasha spika lake, akashusha vidole, na pale pale nikasikia pampu inalegea, sauti inazama. Nikamwambia aongeze. Akaongeza. Pampu ikanyamaza, injini ikazima.

Nilipiga kelele chini ya lile gari mpaka wakadhani limenilalia. "Zima spika!" Pampu ikarudi. "Washa!" Ikazama. Nikashika waya wa pampu nikaufuata kwa mkono, mchafu, umejaa grisi, ukanipeleka mpaka kwenye waya mnene unaokwenda nyuma kwenye bodi. Ule alioupitisha baba mwenyewe, wa kulisha spika la bendi! Umeme wa mmoja wanakula wawili, na spika ndilo lenye mdomo mkubwa. Benjamini alipokuja akajikuna kichwa, akasema, "Dada, niliukuta pale pale kwenye tangi, mnene, mzuri, nikaona dhambi kuuacha." Umeniambia nisigombane naye. Sikugombana sana.

Sasa pampu ina waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, na relei yake. Waya wa baba tumeuachia muziki wake. Tukawarudisha bendi juu, Goodluck kapiga mpaka mikono ikamfa ganzi, gari inanguruma vile vile. Mzee Mwinyimvua kashuka akanipa mikono yote miwili.

Jana ndiyo siku yenyewe. Baba Mkubwa kapanda gari la nyuma pamoja na mnunuzi wake, kaka wa watu kavaa kanzu na saa kubwa. Maimuna kapendeza, sitaki hata kueleza. Tumetoka Sikukuu, tukapita Msimbazi, tukaingia Uhuru. Kufika Mnazi Mmoja, pale pale ilipoanzia aibu yangu, nikatoa kichwa dirishani nikamwambia Goodluck, "Fungulia mpaka mwisho!" Akafungulia. Vioo vya maduka vinatetemeka. Hailaksi imepita, Latifu! Imepita! Kivukoni wauza samaki wameacha mizani wanacheza na mapanga yao. Mie nalia, nacheka, nabadilisha gia, vyote kwa pamoja, na wanja umenishuka mpaka kidevuni.

Posta tukakuta foleni ngumu. Kwenye kioo namwona Baba Mkubwa anashuka, anakuja na mkongojo wake katikati ya magari. Nikasema leo kaja kuizima mwenyewe. Akanipita bila kunitazama, akaenda nyuma kwenye bodi, vijana wakamnyanyua. Niliposikia vigelegele nikageuka. Baba Mkubwa kashika ukingo kwa mkono mmoja, mkongojo juu, anazungusha kiuno mbele ya watu wa ofisini! Hakushuka mpaka ukumbini Upanga.

Baada ya pilau yule mnunuzi akamfuata, akamuuliza kwa adabu aje lini kuchukua gari. Baba Mkubwa akamtazama kama mtu aliyeleta posa kwa mke wa mtu. Akamwambia, "Wewe ulialikwa harusi. Umekula?" Akasema ndiyo. "Basi shukuru Mungu, uende nyumbani."

Wakati wa kurudi magari yote mazuri yalikuwa yanamsubiri, hata lile jeusi la wakwe. Akayakataa. Akaja mpaka kwenye Hailaksi, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akaweka mkongojo katikati ya magoti. Mie nimekaa nasubiri niambiwe nihame, aendeshe mwanamume, kama anavyosema siku zote. Akafunga mlango. Akatazama mbele.

"Twende, dereva," akasema.

Dada yako,
Kijakazi