Samaki wa Kuachiwa

Kwa mdogo wangu Isidore,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini baridi ya huko Saskatoon haijakuzidi na kile kikohozi kimekwisha. Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua, lakini bado anakwenda kutega wavu mwenyewe, na ukimzuia unatukanwa. Ghuba ya ziwa letu imeanza kuganda.

Sasa nikwambie yaliyo moyoni, maana nimekasirika na sitaki kujifanya.

Mwezi wa tisa Mama alirudi na samaki aina ya trauti waliokufa. Si wa wavuni. Aliwaokota wakielea matumbo juu kwenye mwamba wanapozalia, majike wenye mayai, taya zimechanwa na ndoana. Alikaa jikoni hajavua koti, akaniuliza ni nani anayechezea chakula. Mbali na Mama, mwamba ule marehemu Baba alituonyesha sisi wawili tu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako; wewe ndiwe uliyewaongoza wageni wa hoteli hadi pale.

Nikakupigia simu, ukacheka. Ukaniambia dada punguza presha, wageni wa hoteli wanavua, wanapiga picha, wanamwachia samaki aende zake, na leseni ya hoteli inahesabu wanaopikwa tu. Ni kweli, hao tu. Mgeni akivua siku nzima na kuwarudisha majini wakiwa hoi, kwenye hesabu ni sifuri. Wavu wa Mama, unaolisha hadi wajane, ndio uliopunguziwa kiwango eti samaki wanaadimika! Wewe uliyechapwa utotoni kwa kurusharusha kichwa cha samaki, leo unalipwa uwachezee wakiwa na mayai tumboni. Hata aibu huna.

Juzi kamati ya ziwa ilikaa. Safari hii wizara imetuachia sisi tuamue nani apite kwenye gati letu na nani aongoze wageni. Tumeufunga mwamba majira yote ya kuzaa, kwa ndoana na kwa nyavu, hata wa Mama. Na kila samaki atakayenasa atahesabiwa, aachiwe asiachiwe. Zikabaki leseni za waongozaji. Mjomba Modeste, mwenyekiti wetu, alitaka yako ipite kimyakimya. "Huyu si mtoto wetu jamani? Mkimnyima atakula nini, barafu?" Watu wakacheka. Kura zikalingana, ikabaki moja.

Ilikuwa yangu, Isidore. Nimekunyima. Najua ulikusudia kurudi Juni na kujenga karibu na Mama. Nilijua hayo nilipoinua mkono.

Nilimwambia Mama mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alisema nimefanya sawa. Kisha akalia, akaniuliza kama utarudi hata bila ile kazi. Mjibu wewe.

Watoto wanakusalimu, na Mjomba Modeste pia, ingawa mimi hataki kuniona. Vaa soksi nene.

Ni mimi dada yako, hasira bado ninayo,

Philomène