Sauti ya Ng'ambo ya Bonde

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku mlimani hatujambo, tangawizi imestawi, na babu yako anakoroma kitini.

Unauliza kama ujitoe kwenye huo mtandao wa maneno mafupi yanayosomwa na kila mtu. Enzi za usichana wangu tulipaza sauti kutoka mlima hadi mlima, na bonde zima lilisikia. Siku moja kijana wa ng'ambo akaniita: "Unakubali nikuoe au hutaki?" Wanawake shambani wakasimamisha majembe wasikilize. Nikamjibu: "Njoo!"

Akashuka, akapanda, akafika akihema. Mengine tukaongea jikoni kwa mama.

Basi baki humo, mjukuu wangu, ila uwaite watu waje. Maongezi yetu ya jikoni hayajaisha. Sasa hivi namwamsha tuendelee.

Bibi yako