Si Chango Tu, Mama

Mama, shikamoo.

Maharage yako jikoni, bado kutiwa nazi. Uwanja nimefagia nusu. Uliona mwenyewe tumbo la chini liliponikamata nikakaa na ufagio mkononi. Shangazi Laurentia akacheka, "Chango hilo, ukizaa litakwisha!" Wewe ukachukua jembe, ukaenda zako shambani. Hilo liliniuma.

Ile dawa ya mizizi aliyoniletea Shangazi kutoka Maneromango nimeimwaga. Usimwambie.

Daktari niliyemwona zahanati alisema huenda ni uvimbe, maambukizi, au nyama za ndani ya mji wa mimba zimeota nje yake. Kila kimoja kina tiba yake, ndiyo maana leo nakwenda kupimwa altrasaundi hospitali ya mjini.

~~Usijisumbue, nitajiweza.~~

Mama, naogopa. Nataka uje hospitali ukae nami.

Binti yako,
Flaviana