Mtusamehe kwa Usumbufu

Jumanne, usiku

Bado namsikia shemeji kwenye kipaza sauti: "Majirani, mtusamehe kwa usumbufu." Tenti ya matanga ya mume wangu ilikuwa imefunga njia yetu nzima, kabla hatujampeleka kijijini kwao, Pap Onditi, kumzika.

Usumbufu! Usumbufu ni mbuzi wa jirani akila sukuma wiki yako. Mume wangu kulala kwenye jeneza, hilo nalo ni usumbufu?

Leo tumerudi Kisumu. Tenti imeshang'olewa. Jirani akanishika mkono: "Pole, Mama Atieno. Angalau njia imefunguka."

Nikasema asante.

Jioni pikipiki ikapunguza mwendo hapo nje, kama ya mume wangu ilivyokuwa kila jioni. Atieno wangu akaruka, akakimbia kumfungulia baba yake geti.