Zaina anasoma, Kambale anasikia

Alhamisi jioni, mtaani kwetu Katoyi. Vumbi jeusi la volkano limetanda tangu asubuhi na macho yananiwasha. Si vumbi peke yake.

Tangu mwalimu wetu wa Kiarabu avuke mpaka na familia yake, somo lake lilikuwa linakufa. Shule yetu ni ya Waislamu. Wazazi walianza kulalamika, na direkta, mkuu wetu wa shule, akasema wazi: asipopatikana mutu, somo linafutwa. Hakupatikana. Basi walimu watatu tukaamua kufundishana wenyewe, watoto wakishatoka.

Mimi ni Mkatoliki wa Butembo, nafundisha Kifaransa. Niliingia ili kumtia moyo Zaina tu.

Zaina ni mwalimu wa watoto wadogo. Alisoma madrasa kwao Kasongo, na mama yake ndiye aliyemfundisha herufi. Anasoma bila kukwama. Ila maana hakuambiwa. Papa Kambale, mzee wetu anayefundisha hesabu, aliwahi kubeba mizigo Dubai: Kiarabu anakisema, lakini hajui herufi hata moja.

Tulihangaika hivyo siku nyingi, kila mtu na kipande chake: Zaina herufi ubaoni, Kambale salamu za mdomo.

Leo Zaina amefungua kitabu cha wanafunzi, akasoma kwa sauti: "Ummi fi l-bayt."

Kambale alikuwa anafuta ubao. Akageuka. "Mama yangu yuko nyumbani," akasema, kama mtu anayeitikia salamu.



"Rudilia, papa," Zaina akamwomba.

"Ummi, mama yangu. Fi l-bayt, nyumbani. Ni maneno ya kila siku hayo, mama Zaina."

Zaina akasoma tena, polepole, machozi yakamtoka. Herufi hizo amezisoma tangu utotoni, na leo ndipo zimemwambia kitu. Mama yake bado yuko Kasongo. Hawajaonana tangu barabara zifungwe.

Kisha Kambale akasogea, akainama juu ya kitabu. "Nionyeshe. Mama ni wapi hapo?" Zaina akamwekea kidole. Mzee mzima akalitazama neno lile kama uso wa mtu aliyekuwa anazungumza naye gizani.



Tulipoanza, hakuna kati yetu aliyekijua Kiarabu kizima. Kimetoka wapi?

Direkta alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. "Jumatatu muanze na darasa la tano," akasema, akaenda zake.

Nimemsimulia mume wangu. Ameuliza kama nataka kusilimu.

Hapana. Nataka kujua ukurasa unaofuata unasema nini.