Bravo Chini ya Picha ya Bibi Yako

Mjukuu wangu Grâce,

Huku Tshopo tunakusalimu. Magoti yananisumbua kidogo, lakini shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na nyumba imeanza tena kupata kelele.

Unauliza utawatazamaje watu, baada ya wafuasi wa mashine uliowanunua kwa ajili ya ukurasa wako wa vitenge kuandika "Bravo, endelea hivyo!" chini ya tangazo la kifo cha bibi yako. Naijua aibu hiyo. Mashine haijui msiba. Imepangwa kusifu tu.

Nilipokuwa kijana, kwenye matanga ya baba yangu, tonton, ndugu yake, alileta waliaji wa kulipwa ili Wagenia wenzetu wote watuone watu wakubwa. Walilia vizuri sana: "Papa Albert, umetuacha!" Baba aliitwa Joseph. Albert walikuwa wamemlilia jana yake, mtaa mwingine. Mvuvi mmoja akasema, "Bon, kama Joseph iko muzima, turudi nyumbani!" Watu wakacheka. Nilijifunika uso kwa shati.

Nyuma ya vilio hivyo alisimama mzee aliyevua na baba maisha yake yote, ameshika samaki mmoja wa kuchoma. Hatukumpa hata kiti. Alipoondoka, nilielewa kwamba aibu yetu haikuwa lile jina.

Jana nilisoma tena ukurasa wako. Katikati ya bravo zote, mama mmoja wa Yanonge ameandika: "Alinifundishaka kupika liboke ya samaki. Ninamulilia."

Hujamjibu.

Babu yako, Koko